Kisanamu cha mwanamke mnene si lazima kiwe mungu

"Huyo ni mungu mama." Ndivyo wengi husema wakiona picha ya kisanamu cha udongo wa kuchoma cha Çatalhöyük, makazi ya kale huko Uturuki: mwanamke mnene ameketi, mikono juu ya wanyama wawili wa jamii ya chui. Mwanaakiolojia James Mellaart alikifukua mwaka 1961, na jina la mungu mama likakiganda tangu hapo.

Lakini kilikutwa ndani ya kihenge cha nafaka. Tena hakikuwa na kichwa. Ule uso mtulivu unaosifiwa ni kazi ya mafundi wa zama zetu, si ya miaka elfu nane iliyopita.

Dhana ya pili ni kwamba visanamu vya huko vyote ni vya wanawake wazazi. Ian Hodder na wenzake, waliochimba kuanzia 1993, walikuta vingi zaidi ni vya wanyama, na vingi vilitoka majalalani, kwenye majivu na mifupa. Kimoja kinanikosesha usingizi: mbele mwanamke mwenye matiti na tumbo kubwa, lakini ukikigeuza, mgongo ni mbavu na pingili tupu. Hapo ni uzazi au kifo?

Eti basi wanawake ndio waliotawala? Mifupa ya waliozikwa hapo inaonyesha wake kwa waume walikula chakula cha aina moja. Si mama mkubwa, si baba mkubwa.

Isitoshe, umbo la mwanamke laweza kuwa somo tu. Hapa Tanganyika, mtafiti wa mila Hans Cory alikusanya vinyago vya udongo vilivyotumika kumfunda mwari, kila kimoja na wimbo wake. Sisemi Çatalhöyük walicheza unyago. Nasema kuabudu si matumizi pekee ya udongo.

Halafu wapo wanaoamini ufinyanzi ulianza na chungu cha kupikia. La. Mwanamke wa Dolní Věstonice, kisanamu cha udongo wa kuchoma cha Ucheki, aliyefukuliwa mwaka 1925 akiwa vipande viwili, ana urefu wa sentimita 11 na umri wa zaidi ya miaka 25,000. Hakuna chungu kinachojulikana kilichomtangulia. Matiti makubwa, nyonga pana, uso wenye mikato miwili tu ya macho. Na mwilini mwake imebaki alama ya kidole cha mtoto, aliyemshika kabla hajaingia motoni.