Je, wajua? Pikipiki ya magurudumu manne ikirudi rivasi, injini yake hairudi kinyume

Mara ya kwanza kupanda pikipiki ya magurudumu manne ilikuwa Msimbati, kusini mashariki mwa Mtwara mjini, kwenye ule ufukwe ambao watu huingia na gari hadi karibu na maji. Haikuwa ya otomatiki. Ilikuwa ya gia za mguu, klachi mkono wa kushoto, resi ya kusukuma kwa dole gumba. Mbele ilikwenda vizuri. Nilipoweka rivasi ikaburuta mwendo wa kobe, na kila nilipoongeza resi ikakohoa, pu-pu-pu, kama plagi imelowa. Nikipunguza, inatulia. Nikiongeza, inakohoa tena.

Kijana mmoja aliyekuwa anatazama akauliza, "Kaka, mbona huku nyuma haina nguvu?"

Nikamjibu bila kusita: injini ikiwa kwenye rivasi inazunguka kinyume, na injini inayozunguka kinyume haipumui vizuri. Akaitikia kwa heshima, akaenda zake na uongo wangu.

Nilikuwa nimekosea mambo mawili kwa pigo moja. Nianze na lile kubwa. Injini hiyo ni ya mapigo manne: pistoni inashuka ikivuta hewa na petroli, inapanda ikikandamiza, inasukumwa chini na mlipuko, kisha inapanda tena ikitoa moshi. Milango yake, yaani valvu, hufunguliwa kwa zamu na shafti ya kamu, na shafti hiyo imefungwa kwa mnyororo kwenye krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Krenki ikienda kinyume, kamu nayo inakwenda kinyume, na zamu zinavurugika. Pistoni inaposhuka kuvuta hewa, mlango ulio wazi ni wa moshi. Injini ingevuta pumzi kupitia ekzosi na kuitolea kwenye kabureta. Pampu ya oili, kwa kuwa nayo inazungushwa na krenki hiyohiyo, ingeacha kusukuma oili inakotakiwa. Injini ya namna hiyo isingekohoa tu pale Msimbati, isingewaka.

Kwa hiyo ukiwa gia ya tano au rivasi, krenki inazunguka upande uleule. Kinachogeuza mwendo ni gurudumu moja dogo la meno ndani ya giaboksi.

Ili kulielewa, kasimame mbele ya mashine ya juisi ya miwa. Chukua ile ya rola mbili. Pembeni rola hizo zimeshikana kwa meno; ya juu ikizunguka kulia, ya chini inazunguka kushoto. Ndiyo maana muwa unavutwa ndani. Magurudumu mawili yenye meno kwa nje yanayogusana hayana namna nyingine, lazima yapingane. Sasa fikiria muuza juisi ametenganisha rola zake na kuchomeka ya tatu, ndogo, katikati ya meno yao. Ya juu inakwenda kulia, ya kati kushoto, ya chini inarudi kulia. Ya juu na ya chini sasa zinazunguka upande mmoja. Kwa juisi ni hasara tupu, kwani muwa hauingii. Kwa giaboksi, hiyo ndiyo rivasi.

Ndani ya giaboksi ya gia za mguu mna shafti mbili zilizolala sambamba. Ya kwanza inapokea nguvu kutoka kwenye klachi, ya pili inaipeleka kwenye mnyororo wa magurudumu ya nyuma. Kila gia ya mbele ni jozi ya magurudumu ya meno, moja huku na moja kule, yanayogusana moja kwa moja. Jozi ya rivasi haigusani. Kati yake kuna lile gurudumu dogo kwenye kishafti chake lenyewe. Jambo linalonifurahisha ni kwamba idadi ya meno ya hilo la kati haibadilishi kasi hata kidogo. Kama la kwanza lina meno 10 na la mwisho 30, la mwisho litazunguka mara moja kila la kwanza likizunguka mara tatu, la kati liwe na meno 12 au 20. Linageuza upande tu.

Mbona basi rivasi ni moja wakati gia za mbele ni tano? Kwa sababu gurudumu la kati linahudumia jozi moja tu. Rivasi ya pili ingedai jozi nyingine na gurudumu lingine la kati, ndani ya boksi linaloshiriki kasha moja na injini katikati ya miguu ya dereva. Nafasi haipo. Basi watengenezaji huchagua ile moja iwe nzito, karibu na gia namba moja, yenye nguvu ya kujitoa mchangani kuliko mbio. Kwenye mashine nyingi huwekwa ng'ambo ya N, yaani gia huru, nyuma ya kizuizi, hivyo ni lazima uvute kitufe au mkono fulani kwanza ndipo mguu uipate. Usingependa kuiokota kwa bahati mbaya ukiwa unashuka gia kwenye mteremko wa Mikindani.

Kosa langu la pili lilikuwa kile kikohozi. Plagi haikuwa na ubaya wowote. Kwenye mashine nyingi kuna swichi inayokiambia kisanduku cha umeme kwamba rivasi imeingia, nacho, resi ikipita kiwango kilichowekwa, kinaanza kukata cheche za plagi. Injini inakohoa kwa sababu imeamriwa kukohoa. Baadhi huwa na kitufe cha kuondoa kizuizi hicho kwa muda, kwa ajili ya kujinasua kwenye matope.

Sababu ya kukuwekea breki hiyo utaiona ukisukuma baiskeli kinyumenyume. Ukiisukuma mbele, gurudumu la mbele linajinyoosha lenyewe. Ukiirudisha, linataka kupinduka na usukani unakuponyoka. Pembe ya usukani inayosaidia mbele inakugeuka ukirudi nyuma, na magurudumu manne hayakuponyi kabisa. Mimi ningeongeza hoja ya dole gumba, ingawa hii ni ya kwangu: mashine ikiruka nyuma ghafla, mwili wako unabaki ukielekea mbele, na dole linazidi kuisukuma resi.

Zipo zisizo na rivasi kabisa. Yamaha Banshee ilikuwa na gia 6 za mbele na hakuna ya nyuma. Honda TRX400EX ilitoka 1999 bila rivasi, ikaipata 2005. Hizo ni za mbio, na kila gurudumu la meno lina uzito wake. Ukikwama, unashuka, unavuta zaidi ya kilo 150 kwa mikono.

Hata hivyo jibu langu la Msimbati lina mahali pake. Injini ya mapigo mawili ya aina ya kawaida haina valvu hizo. Pistoni yenyewe hufunua na kufunika matundu, kwa hiyo inaweza kuzunguka upande wowote, cheche zikipangwa upya. Kigari cha Kijerumani cha magurudumu matatu, Messerschmitt KR200 cha 1955, kilirudi nyuma kwa njia hiyo: unazima, unaiwasha injini kinyume, na gia zote nne zinakuwa za rivasi. Nne!

Na huhitaji kwenda Ujerumani. Meli nyingi kubwa za mizigo, za aina inayoingia bandari ya Mtwara kupakia korosho, zina dizeli ya mapigo mawili iliyounganishwa moja kwa moja na pangaboi, bila giaboksi. Zikitaka kurudi nyuma, injini inasimamishwa, mpangilio wake unabadilishwa, kisha inawashwa kinyume kwa hewa iliyoshindiliwa kwenye matangi. Kanuni za usalama wa meli hudai matangi hayo yaweze kuiwasha injini ya aina hiyo angalau mara 12 mfululizo, mbele na nyuma kwa kupokezana, bila kujazwa tena.