Kabla ya Daftari: Mtoto Hujifunza Kusoma kwa Masikio

Kila ukianza mwaka wa skuli, walimu wetu wa maandalizi huulizwa na wazee swali lilelile: "Mwanangu ataanza lini kuandika?" Mtoto mwenyewe ana miaka minne, pengine haijatimia. Daftari ameshanunuliwa, na jirani kasema kuna tuisheni ya jioni. Sisi tunaoshauri skuli za maandalizi hapa Pemba tungependa kuulizwa jengine: mtoto huyu akiwa nyumbani anazungumza na nani?

Sababu ni hii. Mpe mtoto wa darasa la kwanza ukurasa wa ba be bi bo bu. Atauimba wote bila ya kusita. Ufunike kwa kiganja, ataendelea kuimba. Kisha mwoneshe bu peke yake, umuulize ni nini. Atarudi na kidole mpaka kwenye ba, aanze upya, ba, be, bi, bo, ndipo afike. Amehifadhi, hajasoma. Ukimwandikia bibi, neno analoliita kutwa, anakutazama tu. Akili anayo. Ila alikabidhiwa herufi kabla sikio lake halijazoea kulikata neno vipande vipande.

Na hapa Kiswahili kinatupa wepesi mkubwa. Kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa, irabu zake ni 5 tu, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Mtoto anayeisikia karafuu kuwa ni ka-ra-fu-u, makofi manne, kazi iliyombakia ni kujua kila sauti inaandikwa vipi. Basi pigeni makofi. Pigeni majina ya ndugu, ya samaki, ya matunda: cha-ngu, da-ga-a, sho-ki-sho-ki. Wakishachangamka, watilieni mtu na mbuzi. Yote mawili ni makofi mawili, lakini m ya mtu inasimama peke yake, m-tu, na ile ya mbuzi imeshikana na b, mbu-zi. Watoto hubishana sana hapo. Watu wazima nao hukosea, na walimu tumo.

Lakini kabla ya makofi yapo mazungumzo. Mtoto huanza kusikia sauti akiwa tumboni mwa mama yake. Akikaribia mwaka hutoa maneno ya kwanza, na akifika miaka 2 watoto wengi huwa wanaunganisha maneno mawili: "maji hapa", "baba kenda". Kinachomvusha kutoka hapo ni mtu wa kumjibu. Tazameni msimu wa karafuu, usiku, watu wamekaa kitako wanachambua, karafuu huku, makonyo, vile vikonyo vyake, kule. Mtoto wa miaka mitatu kajipenyeza ubavuni mwa bibi yake.

"Bibi, hii ina kichwa."

"Ee, ina kichwa. Na hii je?"

"Hii haina. Kimekatika."

"Kimekatikia wapi? Hebu kitafute."

"Kimo humu! Kidogo."

"Kidogo kama nini?"

Bibi hakusomesha kitu. Kajibu, kauliza, kangoja. Hapo kwenye kungoja ndipo panapotushinda wengi wetu. Na mtoto kaenda sawasawa, kichwa kimekatika, kimo, kidogo, ngeli moja mwanzo mpaka mwisho, kwa kusikia tu. Usiku huohuo, mahali pengine, mwenzake kaambiwa "Ondoka, utachanganya makonyo", mazungumzo yakaisha.

Hadithi ni ngazi ya juu ya kazi hiyohiyo. Ukiita "Paukwa!" na watoto wakaitikia "Pakawa!", unawachukua kwenye mambo wasiyoyaona kwa macho, na huko ndiko kitabu kitakakowapeleka baadaye. Simamisha hadithi katikati, uliza: "Sasa sungura atafanya nini?" Waache wabuni. Kesho yake mmoja akuhadithie wewe. Vitendawili ni hivyo hivyo: "nyumba yangu haina mlango" inamlazimisha mtoto kufikiria yai kwa umbo lake, si kwa jina lake. Watataka kutega vya kwao, na vingi vitakuwa havina kichwa wala miguu. Vikubalini. Mtoto akisema Kipemba, Kitumbatu au Kimakunduchi msimkatize kumsahihisha, maana lugha ya kitabuni ataikuta, naye ataizoea haraka zaidi akiwa na maneno mengi ya nyumbani.

Maandishi nayo hayakosekani. Kanga ya mama ina jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Lisomeni pamoja, kidole kikitoka kushoto kwenda kulia. Gari ya Wete inayoingia Chake Chake imeandikwa namba na njia yake ubavuni. Mfuko wa unga, pakiti ya chumvi, vyote vinasomeka. Neno la kwanza la mtoto liwe jina lake mwenyewe, mwandikieni kwa chaki sakafuni au kwa kijiti mchangani. Na chuo cha Kurani kisihesabiwe kuwa kinamchelewesha. Mtoto aliyekwisha shika alifu na bee na irabu zake anajua kuwa alama inasimamia sauti, na hilo ndilo jambo gumu kuliko yote. Kwamba Kiarabu huanzia kulia na Kiswahili kushoto, mwoneshwe tu. Ataizoea kila njia kwa kitabu chake.

Kalamu itakuja. Vidole vinataka kukomaa kwanza, na mtoto anayefinyanga udongo, anayecheza mdako, anayejaribu kusuka ukili pembeni ya mama yake yumo kazini. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliitia miaka 2 ya maandalizi ndani ya elimu ya lazima, na wapo wazee walioifahamu kuwa ni darasa la kwanza lililoletwa mapema. Sivyo. Ukimkuta mwalimu wa maandalizi anaimba na kucheza na watoto, msimwambie hasomeshi.

Vitabu vya picha vikipatikana, pakata mtoto na zungumzeni juu ya picha. Mzee asiyejua kusoma anaweza kazi hii sawa na anayejua. Maktaba za umma zipo Maisara mjini Unguja na Chake Chake, lakini shehia za mbali zisingoje. Barza moja, jioni moja ya wiki, mtu mzima mmoja mwenye hadithi, sheha akiwatangazia watu, inatosha kuanza.

Simu haishiki nafasi ya bibi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linashauri mtoto aliye chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya kioo cha simu au televisheni kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku.

La mwisho ni masikio yenyewe. Mtoto asiyegeuka akiitwa kwa nyuma, au aliyetimiza miaka 2 na bado haunganishi maneno, mpelekeni kituo cha afya akapimwe, msimngojee "atasema tu". Sikio likitoa usaha, mpelekeni siku hiyohiyo, na msitie kitu ndani, hata mafuta ya nazi.