Je, wajua kwa nini farasi aliyevunjika mguu wakati mwingine huuawa na mguu wake mwingine ulio mzima?

Katika filamu za kauboi mambo huisha haraka. Farasi anajikwaa, mguu unavunjika, mwenyewe anainama kuutazama, kisha tunasikia mlio wa bunduki. Wengi wetu tumetoka hapo na jibu moja: mifupa ya farasi haiungi. Jibu hilo limeenea sana, na si sahihi.

Mfupa wa farasi huunga. Damu huganda palipovunjika, tishu laini huota na kuziba ufa, kisha tishu hiyo hugeuka mfupa mgumu, hatua kwa hatua na kwa utaratibu uleule wa mwili wa binadamu. Vipande vidogo vilivyomeguka kwenye kiungo hutolewa kwa upasuaji wa kamera. Nyufa fulani za mfupa mrefu juu ya kifundo hubanwa kwa skurubu, na baadhi ya farasi waliotibiwa hivyo wamerudi kushinda mashindano.

Wapo wanaosema tatizo ni kwamba farasi hawezi kulala chini. Hilo nalo limepinda. Farasi ana mpangilio wa kano unaokaza viungo vyake, ndiyo maana husinzia akiwa amesimama bila kuchoka. Lakini usingizi mzito unamtaka alale chini, na hulala kweli kwa muda mfupi kila siku. Asichoweza ni kulazwa kwa wiki nzima. Farasi wa mbio ana kilo 450 hadi 500. Akilala upande mmoja saa nyingi, uzito wake mwenyewe huminya misuli ya chini, pafu la chini halijai hewa, na utumbo huzubaa.

Basi aning'inizwe kwa mikanda? Hufanywa, lakini mikanda hubana kifua na tumbo, ngozi huchubuka, na farasi ni mnyama wa kukimbia: wengine hupagawa wakihisi miguu haigusi chini vizuri. Mikanda humpunguzia mzigo kwa muda, haimgeuzi kuwa mgonjwa wa kitandani.

Vikwazo vya kweli vipo vingine pia. Kuanzia goti kwenda chini, mguu wa farasi hauna misuli ya maana. Ni mifupa, kano, mishipa na ngozi. Mfupa ukivunjika hapo, ncha yake hutoboa ngozi kwa urahisi na uchafu huingia. Halafu kuna kuamka kutoka nusu kaputi. Julai 1975, farasi jike aliyeitwa Ruffian alivunjika mguu wa mbele kwenye uwanja wa Belmont Park, New York. Alipasuliwa, lakini alipozinduka alianza kurusha miguu kana kwamba bado yuko mbioni, akaharibu kazi yote ya madaktari, ikabidi auawe.

Hata hivyo, adui wa ajabu kuliko wote hujitokeza baadaye, wakati mfupa umeshaanza kuunga, na hujitokeza kwenye mguu ambao haukuwahi kuumia.

Tarehe 6 Mei 2006, farasi Barbaro alishinda Kentucky Derby, mbio maarufu za farasi huko Marekani. Wiki mbili baadaye, kwenye mashindano ya Preakness huko Baltimore, alivunjika mguu wa nyuma wa kulia muda mfupi tu baada ya kuanza. Mfupa mmoja ulisagika vipande zaidi ya 20. Daktari Dean Richardson, wa hospitali ya mifugo ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliuunganisha kwa bamba la chuma na skurubu 27. Ili yasitokee ya Ruffian, Barbaro alizindukia ndani ya bwawa la maji, akiwa amefungwa kwenye boya lenye nafasi za miguu, ili akirusha teke lipige maji tu. Mfupa ulianza kuunga. Kisha, Julai, mguu wa nyuma wa kushoto, ule mzima, ukaharibika ndani ya ukwato kiasi kwamba sehemu kubwa ya ukuta wa ukwato ilibidi ikatwe. Alipiganiwa kwa miezi mingine. Januari 2007 ukwato ule ukazidi kuwa mbaya, mguu wa kulia ukapata jipu, na mwishowe miguu ya mbele nayo ikaanza ugonjwa uleule. Tarehe 29 Januari ikabidi naye auawe.

Ugonjwa huo unaitwa laminaitisi. Kuuelewa, lazima tuingie ndani ya ukwato.

Farasi hutembea juu ya kidole kimoja kila mguu, na ukwato ndio ukucha wa kidole hicho. Ungedhani mfupa wa mwisho wa kidole umekaa juu ya soli ya ukwato. Haukukaa, umening'inia. Umeshikwa pande zote na ukuta wa ukwato kwa tabaka nyembamba za nyama, kama 550 hadi 600, na kila tabaka ina nyingine ndogo zaidi ya 100, zilizoingiliana na tabaka za ukuta. Farasi mzima wa nusu tani ananing'inia kwa nyuzi hizo. Ni jambo la kustaajabisha kwamba linawezekana hata siku moja, achilia mbali miaka 25.

Tabaka hizo zinakula sukari kwa wingi, na sukari huja na damu. Sasa fikiria mpira wa kumwagilia bustani ya mchicha. Ukiukanyaga, maji yanakatika. Ukiinua mguu, yanapita. Ukiukanyaga na kuuachia, ukiukanyaga na kuuachia, mchicha hauna shida, kwa sababu kila unapoinua mguu unapata maji ya kutosha. Simama juu ya mpira tangu asubuhi hadi alasiri, na mchicha utanyauka wakati bomba limefunguliwa na tangi limejaa. Ndivyo ilivyo kwenye ukwato. Mguu unapobeba uzito, tabaka huvutwa na mishipa yake midogo hubanwa. Mguu unapoinuliwa, damu huingia. Farasi mzima huinua miguu mchana kutwa, hatua moja moja akila nyasi, na hata akisimama huhamisha uzito huku na huku. Farasi aliyevunjika mguu mmoja hana pa kuhamishia. Ule wa upande wa pili unabaki umekanyagwa.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba tabaka huchanika kwa sababu ya kuzidiwa na uzito tu. Kazi ya Andrew van Eps na wenzake, Australia na baadaye Marekani, imeelekeza macho kwenye damu: walipima ndani ya kwato na kuona kwamba kutembea huongeza mzunguko kwenye tabaka. Si kila farasi anayeegemea mguu mmoja hupata laminaitisi, na bado hakuna kipimo cha kutabiri nani atapata. Maumivu makali na muda mrefu wa kuegemea ndivyo vinavyotiliwa shaka zaidi.

Ukilijua hili, uuguzi wa farasi mwenye mguu mbovu unabadilika tangu siku ya kwanza. Dawa ya maumivu inakuwa matibabu ya mguu wa pili, maana farasi asiyeumia sana hukubali kuukanyaga ule mbovu kidogo. Bamba na skurubu huchaguliwa ili aweze kusimama juu yake mapema. Mguu mzima hufungwa bendeji, na soli yake huwekewa kitu laini ili kusaidia kubeba.

Utambuzi nao unahitaji macho kabla ya mashine. Farasi huendeshwa mbio ndogo kwenye ardhi ngumu huku daktari akitazama kichwa. Mguu wa mbele unaouma ukigusa chini, kichwa hupanda. Mguu mzima ukigusa, hushuka. Kisha ganzi huchomwa kwenye neva, kuanzia chini karibu na ukwato na kupanda juu, hadi kuchechemea kunapopotea. Hapo ndipo panapouma. Lakini kukishukiwa ufa, ganzi hiyo haichomwi, kwa sababu farasi asiyehisi maumivu anaweza kuukanyaga mguu na kuumaliza kabisa. Eksirei ya siku ya kwanza inaweza isioneshe ufa mwembamba. Hurudiwa baada ya siku 10 hivi.

Afrika Mashariki farasi ni wachache, wengi wao wakiwa wa mbio na michezo Nairobi. Mnyama wetu ni punda, yule anayebeba mchanga na matofali kwenye vichochoro vya Lamu. Naye husimama juu ya kidole kimoja, mfupa wake umening'inia vilevile, naye hupata laminaitisi. Ni mwepesi kuliko farasi, jambo linalomsaidia, lakini huficha maumivu mno, na hilo linamponza.

Dalili ya laminaitisi ya mguu wa pili ni ya kupotosha. Farasi aliyekuwa ameinua mguu mbovu wiki nzima anaanza kuukanyaga. Walioko bandani wanafurahi, anapona! Huenda ni kweli. Huenda pia mguu wa pili umeanza kuuma zaidi ya ule uliovunjika. Ndiyo maana mlezi mzoefu huinama kila asubuhi na jioni, anaweka kiganja juu ya ukwato wa mguu mzima kupima joto, kisha anabonyeza vidole viwili nyuma ya kifundo kutafuta mapigo ya damu, ambayo kwa kawaida ni hafifu. Ukwato ukiwa wa moto na mapigo yakigonga kwa nguvu, daktari huitwa saa hiyohiyo. Wengi huzamisha mguu kwenye barafu pia. Barafu imethibitika vizuri kwa laminaitisi inayotokana na sumu za tumboni, lakini kwa hii ya mguu wa kuegemea ushahidi bado ni haba.