Mapaja yanauma tangu nianze dawa ya kolesteroli. Nibadilishe?

Nina miaka 58, naishi Umoja. Tangu nianze simvastatini miezi miwili iliyopita, kupanda ngazi hadi gorofa ya nne ni taabu. Ni dawa au uzee?

Huenda ni dawa. Maumivu ya statini, kundi la dawa za kolesteroli ambalo simvastatini imo, kwa kawaida hushika pande zote mbili: mapaja, mashavu ya miguu, mabega. Goti moja linalouma tangu mwaka jana ni kesi nyingine. Usiache vidonge kimya kimya. Rudi kliniki upimwe CK, kimeng'enya kinachovuja misuli inapoumia, pamoja na tezi ya shingo, maana ikizembea nayo huumiza misuli. Lakini mwili ukilegea na mkojo ukawa na rangi ya chai ya mkandaa, acha dawa na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Nameza pia amlodipini ya presha. Kuna neno?

Lipo, na mimi ningeanzia hapo. Amlodipini hupandisha kiwango cha simvastatini mwilini, kwa hiyo zikienda pamoja, simvastatini isizidi miligramu 20 kwa siku. Toa pakiti uisome sasa hivi. Klarithromaisini ya kifua na ritonaviri ya wanaotumia ARV hazichanganywi na simvastatini kabisa. Balungi pia liache. Siku ya kliniki beba kila unachomeza, hata ile chupa ya miti shamba iliyojificha nyuma ya kopo la sukari.

Nikibadilishiwa, nitapewa nini?

Mara nyingi daktari husimamisha dawa wiki mbili hadi nne aone kama maumivu yatatulia, kisha huanza nyingine kwa dozi ndogo. Rosuvastatini na pravastatini, ambazo nazo ni statini, hazigongani sana na amlodipini. Rosuvastatini hukaa mwilini muda mrefu, hivyo wengine huandikiwa siku moja ndiyo, moja hapana. Ikishindikana kuna ezetimibu, inayozuia kolesteroli isifyonzwe utumboni. Nguvu yake ni ndogo kuliko ya statini.

Jirani anasema maumivu haya ni ya kichwani tu.

Mwambie asikucheke. Ni kweli kwamba utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020, uliohusu watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara, ulikuta sehemu kubwa ya dalili ikijitokeza hata walipomeza kidonge kisicho na dawa. Maumivu waliyasikia kweli. Kilichokosewa ni mshukiwa. Karibu nusu yao walirudia statini baada ya kuonyeshwa matokeo yao wenyewe. Kwa hiyo andika kwenye kalenda ya ukutani siku unayoacha, siku unayoanza mpya, na siku ngazi zinapokushinda, uende nayo kliniki.