Magamba Yakisimama: Kumuuguza Samaki wa Dhahabu Aliyezidiwa

Mwezi Machi, joto la Tanga lilipokuwa kali, mama mmoja wa Chumbageni aliniletea ndoo iliyofunikwa kanga. Ndani yake mlikuwa na samaki wa dhahabu aliyevimba tumbo, magamba yamesimama pande zote mfano wa tunda la mvinje. Mwanawe alikuwa amekwisha kufungua kapsuli za antibiotiki na kuzimimina ndani ya tangi. Mimi niliuliza kwanza habari za maji.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na bakteria wanaoishi katika sponji ya chujio huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hao huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kujijenga. Mama yule, kwa kupenda usafi, alikuwa ameisuuza sponji kwa maji ya bomba na kubadilisha maji yote kwa mara moja. Klorini ikawaua bakteria, amonia ikapanda, na amonia huzidi ukali kadiri maji yanavyopata joto, wakati huohuo oksijeni ikipungua. Sponji isuuzwe katika maji yaliyotolewa tangini, basi.

Kusimama kwa magamba ni dalili tu. Maji yasiyo na chumvi humwingia samaki huyu mwilini bila kukoma, na figo ndizo zinazoyatoa. Zikishindwa, mara nyingi kwa sababu ya bakteria waliomvamia akiwa amedhoofika, maji hujaa mwilini na kuyasukuma magamba nje. Ikiwa tumbo limevimba lakini magamba yamelala, huenda ni mayai au kufunga choo, na hapo njegere iliyochemshwa na kumenywa yaweza kutosha.

Mgonjwa wetu tulimtenga katika beseni la lita 20, mahali penye kivuli, kwa maji yaliyoachwa wazi siku nzima ili klorini itoke, yenye joto sawa na lile alilolizoea, pampu ya hewa ikifanya kazi usiku na mchana. Tukayeyusha humo kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya haluli (yaani magnesi salfeti, au Epsom salt), ambayo husaidia kupunguza uvimbe. Chumvi ya kupikia haifanyi kazi hiyo. Kila siku tulitoa robo ya maji na kurudisha mengine yaliyotiwa haluli kwa kipimo kilekile. Antibiotiki, samaki akiwa bado anakula, ni bora ichanganywe na chakula kwa kipimo cha daktari wa mifugo, kwani ikimwagwa tangini huweza kuwadhuru hata wale bakteria wa chujio.

Niliwaambia mapema kwamba magamba yakishasimama hivi, wanaopona ni wachache. Siku ya tatu alilala ubavu, hali, hashtuki akiguswa. Kumwacha ahangaike hivyo ni ukatili, na kumtupa chooni akiwa hai ni ukatili zaidi. Ili afe bila maumivu, tulitikisa mafuta ya karafuu katika chupa ya maji ya uvuguvugu hadi yakawa meupe, tukayamimina kidogo kidogo; akalala usingizi kwanza, kisha tukaongeza hadi kiasi cha matone 8 kwa lita, na tukamwacha humo nusu saa nzima baada ya matamvua kutulia. Kijana ndiye aliyemshikia beseni.

Tangi hatukulimwaga. Wamebaki wawili humo, wanalishwa kidogo, na theluthi ya maji hubadilishwa kila siku hadi bakteria wajijenge upya.