Umeme wa jua kutoka angani: yanayosemwa na vipimo vyake

Wazo lenyewe ni hili: setilaiti ikusanye mwanga wa jua angani, iugeuze kuwa mawimbi ya redio na kuyarusha kama mwale hadi uwanja wa antena ardhini, ambako yanageuzwa kuwa umeme. Hizi hapa dhana zinazosikika kulihusu.

Dhana: Mwale ukipotea njia utachoma mji.

Hili huulizwa kabla ya yote. Mchoro wa NASA na Idara ya Nishati ya Marekani wa miaka ya 1970, wa setilaiti ya gigawati 5, uliweka wati 230 kwa mita ya mraba katikati ya mwale na wati 10 pembeni mwa uwanja wa kupokelea. Jua la saa sita mchana hutupiga kwa takribani wati 1,000. Moto basi haupo, ingawa katikati pale si mahali pa mtu kushinda, ndiyo maana uwanja huzungushiwa uzio.

Na mwale hauongozwi kwa kuzungusha dishi. Antena ya juu ni maelfu ya vipande, na kila kimoja hupanga wimbi lake kwa kufuata ishara inayorushwa kutoka katikati ya uwanja. Ishara ikikatika, vipande vinapoteza mpangilio na mwale unatawanyika.

Dhana: Tuanze na kisetilaiti kidogo, tupokee kwa dishi la nyumbani.

Hapa ndipo wengi hukwama, maana fizikia haina bei ya rejareja. Kipenyo cha duara la mwale ardhini ni 2.44 × urefu wa wimbi × umbali ÷ kipenyo cha antena ya juu. Chukua masafa ya gigahezi 2.45, yaani wimbi lenye urefu wa sentimita 12.2, na setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, ilikosimama sawia na dunia kama zile za televisheni. Antena ya kilomita 1 inatoa duara la kilomita 10.7. Ipunguze iwe mita 10, duara linafika kilomita 1,070, na dishi lako litaambulia chembe.

Ndiyo sababu jaribio la 2023 la Caltech, chuo kikuu cha California, tena kutoka obiti ya chini (njia ya setilaiti iliyo karibu zaidi na dunia), lilipeleka Pasadena, mji wa chuo hicho, ishara ya kupimwa kwa vyombo tu.

Dhana: Umeme bila waya haujawahi kufanya kazi.

Mwaka 1975, Goldstone, California: zaidi ya kilowati 30 zilipokelewa umbali wa kilomita 1.5.

Dhana: Angani hakuna usiku kabisa.

Karibu kweli. Machi na Septemba setilaiti hupita kwenye kivuli cha dunia kila siku kwa wiki kama sita, isizidi dakika 72 hivi, karibu na saa sita usiku. Watumiaji wengi wakati huo wamelala.

Dhana: Kule ni baridi, mitambo itajipoza yenyewe.

Fikiria chupa ya chai: kinachotunza joto ni ule uwazi usio na hewa kati ya kuta zake mbili. Angani ni hivyohivyo. Hakuna upepo wa kubeba joto, linatoka kwa mnururisho peke yake, yaani kama miali isiyoonekana. Virushio vya mwale vyenye ufanisi wa asilimia 80 vikitoa gigawati 5, vinabaki na gigawati 1.25 za joto, na bamba za kulitoa nazo zina uzito wa kupandishwa kwa roketi.