Sindano ya korona na Ramadhani: maswali ya barazani Lamu

Ramadhani ya mwaka 2022 ilipokuwa inabisha hodi, mimi kila nikikaa barazani mtaa wa Langoni nilikuwa naulizwa yale yale, basi niliyajibu mara moja hivi.

Si barakoa zimeondolewa, sindano ya nini tena?
Kilichoondolewa tarehe 11 Machi 2022 ni ulazima wa kuvaa barakoa nje, kirusi hakijapewa barua ya kuondoka. Wewe kijana pengine utakohoa siku mbili yaishe, lakini nyumbani una bibi mwenye sukari na presha, na akizidiwa usiku huko visiwani Ndau au Kiwayu ni kutafuta boti, na maji yakiwa yamekupwa ndio basi tena. Wazee ndio hasa nawasemea.

Nikidungwa nimefunga, saumu inabatilika?
Masheikh wengi wameshasema haibatiliki, sindano yaingia kwenye msuli wa bega, si chakula si kinywaji. Shida si saumu, shida ni homa ya siku ya pili, mwili kuuma, kichwa, na kiu juu yake, kwa hiyo mimi ningekwambia udungwe sasa kabla mwezi haujaandama, au uende alasiri ili ikianza kukusumbua uwe ushafuturu, umeze Panadol ulale. Ikikuzidi mchana, mgonjwa ana ruhusa ya kula, atalipa baadaye.

Nilidungwa moja mwaka jana (2021) sikurudi, naanza upya?
Huanzi upya, waendelea na ya pili tu. Wala usijilaumu sana, zile chanjo za AstraZeneca za kwanza zilifika Nairobi 3 Machi 2021, milioni 1 na kidogo, halafu India wakazidiwa na wagonjwa wao wakazuia chanjo zisitoke, huku tukaambiwa tungoje, wiki 8 zikawa 12, na wengi wakapotelea hapo hapo. Kama yako ilikuwa Johnson & Johnson, ile moja ilihesabiwa dozi kamili.

Mbona nesi hutungojesha mpaka tujae?
Hapa watu hukasirika na sababu hawaambiwi. Kichupa cha AstraZeneca kilikuwa na dozi 10, kikishafunguliwa kilikuwa na masaa 6 tu, kilichobaki kikamwagwa. Nesi katoka na boti asubuhi na sanduku lake la barafu, akifungulia watu wawili basi nane zimepotea. Mulioko Siyu na Kizingitini, piteni nyumba kwa nyumba mujikusanye kumi mwende pamoja.

Jirani kadungwa mbili na bado kaugua?
Ndio, hutokea. Sindano haizuii kila mafua, yapunguza kufika kwenye oksijeni na kufa.

Mjamzito je, na nguvu za kiume?
Mjamzito anaruhusiwa, amwambie nesi tu. Hiyo ya pili kina kaka huniuliza kwa sauti ya chini wakiangalia baharini 😂 hakuna ushahidi kuwa sindano yaondoa nguvu, bali homa ya korona yenyewe ndio yaweza kupunguza mbegu kwa muda.